Maisha ya Christy Brown: matunzo ya mtindio wa ubongo hayana umri wa kukoma

Ukiwa unamlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, bila shaka umeshazoea ratiba ya kliniki: siku ya mazoezi ya viungo, siku ya kuchukua dawa za kifafa, siku ya kupimiwa kiti. Lakini lipo swali ambalo wazazi wengi huniuliza ninapowatembelea nyumbani, na huliuliza kwa sauti ya chini. Akikua itakuwaje? Akifikisha miaka 18 na kliniki ya watoto ikamwambia kuwa sasa si mtoto tena, aende wapi?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo sitakujibu kwa kuanza na orodha ya magonjwa. Nitakusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye huenda jina lake umewahi kulisikia, kwa sababu alikuwa mwandishi mashuhuri na maisha yake yalitengenezewa filamu. Anaitwa Christy Brown, raia wa Ireland, aliyefariki mwaka 1981. Wengi humkumbuka kwa mguu wake wa kushoto. Mimi nakuomba tumtazame kama mgonjwa: nani alimhudumia, alihudumiwa lini, na mwili wake ulihitaji nini hadi siku ya mwisho.

Mtoto aliyezaliwa Dublin

Christy alizaliwa tarehe 5 Juni 1932 katika hospitali ya wazazi ya Rotunda, jijini Dublin. Baba yake, Patrick, alikuwa fundi mwashi. Mama yake, Bridget, alizaa zaidi ya mara 20, na watoto 13 ndio waliofikia utu uzima. Waliishi Crumlin, mtaa wa wafanyakazi wa kipato cha chini, katika nyumba ndogo iliyojaa watu.

Mama ndiye aliyeanza kuona kuwa mambo si sawa. Mtoto akiwa na miezi michache, shingo yake haikukaza. Kila alipojaribu kumlisha, kichwa kilianguka nyuma. Vidole vilikunjwa muda wote, na mwili ulikuwa ukijipinda bila mtoto mwenyewe kutaka. Alimpeleka kwa madaktari kadhaa. Walimweleza kwamba mtoto huyu hana akili, hakuna la kufanya, na kwamba ni heri ampeleke kwenye nyumba ya kutunzia watu wa aina hiyo kisha ashughulike na watoto wake wengine.

Bridget alikataa. Hakuwa na elimu ya udaktari, wala hakuwa na fedha. Alichokuwa nacho ni macho ya mama aliyekaa na mtoto kutwa kucha, na macho hayo yalimwambia kuwa mtoto anaelewa. Akambakiza nyumbani, akamlea pamoja na ndugu zake.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Hapa tusimame kidogo. Mtindio wa ubongo ni hali inayotokana na ubongo kuumia wakati bado unakua: mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miezi na miaka ya mwanzo. Sababu ni nyingi. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa ya kutosha wakati wa uchungu wa muda mrefu, kupata manjano kali isiyotibiwa mapema, kupata homa ya uti wa mgongo au malaria kali inayofika kwenye ubongo. Wakati mwingine sababu haijulikani kabisa. Si laana, si uchawi, na hakuambukizwa na mtu.

Sehemu iliyoumia ndiyo huamua mtoto atakuwaje. Wengi misuli yao hukakamaa. Wengine, kama Christy, mwili hujipinda na kujinyonganyonga wenyewe, hasa mtu anapojaribu kufanya jambo au anapopatwa na hisia kali. Watu wenye aina hii mara nyingi hushindwa kutamka maneno vizuri, na hapo ndipo jamii inapofanya kosa kubwa: inadhani asiyeweza kusema hana analofikiri. Ni kweli kwamba baadhi ya wenye mtindio wa ubongo wana ulemavu wa akili pia. Lakini wengi hawana, na huwezi kujua kwa kutazama tu uso wa mtu na mikono yake.

Jambo moja zaidi nataka ulishike, kwa sababu tutalirudia. Jeraha la ubongo haliendelei kukua. Mwili ndio unaobadilika. Mifupa inarefuka, misuli inafupika, viungo vinachoka. Kwa hiyo jeraha ni lile lile la utotoni, ila shida zake zinabadilika kila umri.

Chaki mguuni

Christy alikuwa na umri wa miaka 5. Dada yake alikuwa akifanya hesabu kwa chaki kwenye ubao mdogo. Ghafla Christy alinyoosha mguu wa kushoto, sehemu pekee ya mwili aliyoweza kuitawala, akaichukua ile chaki kwa vidole vya mguu na kuanza kuchora mistari. Mama yake alipiga magoti mbele yake na kuandika herufi A sakafuni, akamtaka ainakili. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena hadi akaweza.

Tangu siku hiyo mama akawa mwalimu wake. Alimfundisha alfabeti moja baada ya nyingine, kisha maneno, na neno ambalo mtoto huyu alilifanyia kazi mapema kabisa ni mama. Hakwenda shule kama wenzake. Ndugu zake walimkokota mitaani katika kigari kikuukuu ambacho wenyewe walikipa jina la Henry, wakacheza naye na kugombana naye kama mtoto mwingine yeyote. Kigari kilipovunjika, alianza kubaki ndani, na akiwa na umri wa miaka 10 hivi alitambua kwa mara ya kwanza kwamba yeye si kama wengine. Huzuni ilimwingia. Kilichomwokoa wakati huo ni rangi na brashi. Alijifunza kuchora kwa mguu, na akiwa na miaka 12 alishinda shindano la uchoraji la gazeti moja la Dublin.

Ukiwa mzazi wa kijana wa miaka 10 au 12, zingatia hapa. Umri huu ndio watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huanza kujilinganisha na wenzao. Anaweza kunyamaza, kukataa kula, kukasirika ovyo. Usidhani ni ugonjwa wenyewe unazidi. Huenda ni moyo unaouma, na moyo nao unahitaji matunzo.

Katika kipindi hicho alijitokeza Katriona Delahunt, mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi za ustawi wa jamii hospitalini. Alimletea vitabu, rangi na, zaidi ya yote, mazungumzo. Kwa Christy huyu alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya familia aliyemtembelea kwa ajili yake yeye, na urafiki wao ulidumu miaka mingi.

Daktari alibisha hodi akiwa karibu miaka 18

Sasa fikiria. Tangu madaktari wa mwanzo walipokata tamaa, miaka ilipita bila mtu yeyote kumfanyia mazoezi ya viungo, bila mtu kumfundisha namna ya kutamka, bila kiti kilichotengenezwa kwa kipimo chake. Familia ilikuwa na upendo mwingi, lakini upendo hauwezi kurefusha msuli uliofupika. Alipofikia ujana aliishi zaidi katika chumba cha nyuma. Alisafiri kwenda Lourdes, Ufaransa, mahali ambapo Wakatoliki huenda kuhiji na kuomba uponyaji. Hakupona, ila aliona kwa macho yake jinsi watu wenye mateso walivyo wengi duniani.

Karibu na wakati huo, akiwa na umri wa takriban miaka 18, daktari wa watoto aitwaye Robert Collis alifika nyumbani kwao. Collis hakuwa mtu wa kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikwenda kuhudumia watoto waliokutwa katika kambi ya mateso ya Belsen, Ujerumani, na baadhi ya yatima aliwaleta Ireland. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianzisha huduma ya watu wenye mtindio wa ubongo jijini Dublin, na chama kilichotokana na juhudi hizo kipo hadi leo kwa jina la Enable Ireland. Miaka kadhaa nyuma aliwahi kumwona kijana akiwa amebebwa mgongoni na kaka yake. Hakumsahau. Alimtafuta.

Ilianza kwa mazoezi ya nyumbani. Daktari alikuwa akija kumsaidia kunyoosha na kutuliza viungo, lakini jikoni hapakuwa na nafasi, watu walikuwa wakipita huku na huku. Bridget akaona kijana anahitaji chumba chake. Mume wake hakuafiki. Basi mama yule, aliyezaa zaidi ya mara 20, alinunua matofali akaanza kujenga mwenyewe uani. Mume, ambaye uashi ndiyo kazi yake, alitazama ukuta ule ukipanda bila kunyooka, akashindwa kuvumilia. Akashika mwiko yeye na wanawe, wakamaliza chumba.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho wataalamu mara nyingi tunakisahau. Mazoezi yanahitaji mahali. Tukikuandikia mazoezi ya mara mbili kwa siku bila kuuliza nyumba yako ina vyumba vingapi, tumekupa karatasi tu. Siku ya kliniki, tueleze unavyoishi: mnalala wangapi, sakafu ikoje, nani anabaki na mtoto mchana. Mkeka uliotandikwa pembeni mwa ukuta unaweza kutosha, ila lazima tuupange pamoja.

Sharti gumu kutoka London

Collis alimpeleka Christy London akachunguzwe na shemeji yake, Eirene Collis, aliyekuwa mtaalamu wa tiba ya mtindio wa ubongo. Alimpa tumaini kwamba anaweza kupata nafuu. Lakini kulikuwa na sharti: aache kutumia mguu wa kushoto.

Elewa uzito wa sharti hilo. Mguu ule ndio uliokuwa kalamu yake, brashi yake na sauti yake. Sababu ya kitaalamu ilikuwa hii: kila alipoutumia kwa nguvu, sehemu nyingine zote za mwili zilikaza na kujipinda zaidi. Mguu ulikuwa unamsaidia na papo hapo unamfunga. Christy alikubali. Akaanza kwenda kliniki Dublin, akafanya mazoezi ya viungo, akapata mtaalamu wa matamshi. Pumzi yake ilitulia, maneno yakaanza kueleweka zaidi, mwili ukalegea kiasi. Kliniki pia ilimkutanisha na watoto wenye hali kama yake.

Wakati huo ndipo alipoandika kitabu cha maisha yake. Kwa kuwa hakutakiwa kutumia mguu, alikuwa akitamka huku kaka zake wakiandika, na Collis akimwelekeza namna ya kupanga maandishi. Kitabu hicho, My Left Foot, yaani mguu wangu wa kushoto, kilichapishwa mwaka 1954, Christy akiwa na umri wa miaka 22.

Baadaye alirudi kwenye mguu wake. Aliandika riwaya na mashairi kwa kubonyeza taipureta kwa vidole vya mguu wa kushoto. Usidhani kwamba tiba ilishindwa, au kwamba mgonjwa alikuwa mkaidi. Alipata alichopata kutokana na tiba, kisha akiwa mtu mzima akachagua: kazi yake ilihitaji mguu. Hapo pana somo kwetu sote. Lengo la tiba si kumfanya mtu afanane na wengine. Ni kumwezesha afanye analolitaka kwa maumivu machache zaidi na kwa usalama zaidi. Mwanao akikua, mwulize yeye lengo lake ni nini. Pengine hataki kuhangaika na kutembea hatua tano kwa saa nzima, anataka kiti kizuri kitakachomfikisha sokoni.

Mwandishi, mume, mtu mzima

Mama yake alifariki mwaka 1968. Miaka miwili baadaye, 1970, ikatoka riwaya yake kubwa, Down All the Days, iliyotafsiriwa katika lugha nyingi na kumletea fedha na jina. Mwaka uliofuata alitoa mashairi, kisha riwaya nyingine. Mwaka 1972 alimwoa Mary Carr. Baadaye waliishi Uingereza, katika kaunti ya Somerset.

Nataja ndoa kwa makusudi. Katika jamii zetu mtu mwenye mtindio wa ubongo huitwa mtoto hata akiwa na mvi. Hakuna anayemweleza habari za uzazi, za maambukizi ya ngono, za uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi au ya matiti. Ni mtu mzima. Anapenda, anapendwa, anaweza kuoa au kuolewa, na wanawake wengi wenye hali hii hushika mimba na kujifungua salama wakipata uangalizi wa karibu. Kliniki ya uzazi ni haki yake kama ya mwingine.

Nataja pia kwamba Christy alikunywa pombe kupita kiasi kwa miaka mingi. Simhukumu. Lakini huzuni, upweke, na maumivu ya kila siku ni mambo ambayo watu wazima wenye mtindio wa ubongo hukutana nayo kuliko wengi wetu, na pombe ni mlango wa karibu. Ukiona kijana wako amebadilika, halali, hataki watu, au ameanza kunywa, mlete. Tiba ya afya ya akili ni sehemu ya matunzo ya mtindio wa ubongo.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 49

Mwezi Septemba 1981, nyumbani kwake Somerset, Christy alisakamwa na chakula wakati wa mlo, na akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 49. Alizikwa Dublin, katika makaburi ya Glasnevin. Miaka minane baadaye ilitoka filamu ya My Left Foot, na mwigizaji Daniel Day-Lewis aliyeigiza nafasi yake, pamoja na Brenda Fricker aliyeigiza nafasi ya mama, walishinda tuzo za Oscar.

Dunia ilikumbuka mguu. Mimi, kama muuguzi, nakumbuka koo. Jeraha lile lile la ubongo linalofanya mkono ushindwe kuongozwa huweza pia kuathiri misuli ya ulimi na koo. Mtu anaweza kuwa na miaka 49, awe ameandika vitabu, awe amekula milo maelfu kwa maelfu, na bado kumeza kukawa hatari kwake. Kwa kweli kadiri umri unavyosogea, kumeza huweza kuwa kugumu zaidi. Hii ndiyo sababu huwa sikubali mtu aniambie kuwa kijana wake amekua, hahitaji tena kliniki.

Ziangalie dalili hizi, kwa mtoto na kwa mtu mzima:

- Anakohoa au anapaliwa mara kwa mara anapokula au kunywa.
- Sauti inakuwa na majimaji baada ya kumeza, au macho yanamtoka machozi.
- Mlo mmoja unachukua zaidi ya nusu saa.
- Anapungua uzito, au haongezeki.
- Anapata nimonia au kifua kinachojirudia.

Ukiona mojawapo, mweleze mtoa huduma na uombe kupimwa namna anavyomeza. Wakati unasubiri, fanya haya. Mkalishe wima, kiwiliwili kimeegemezwa vizuri, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Usimlishe akiwa amelala wala kichwa kikiwa kimeangukia nyuma. Kaa mbele yake, usawa wa macho yake. Tumia kijiko kidogo, subiri ameze ndipo uongeze. Uji mzito kiasi humezeka kwa usalama kuliko maji matupu kwa watu wengi wanaopaliwa. Nyama ikatwe vipande vidogo sana au isagwe. Akimaliza abaki wima kwa nusu saa. Wapo ambao chakula cha mdomoni hakitoshi au si salama kabisa, na daktari anaweza kupendekeza mpira wa kulishia tumboni. Huko si kushindwa kwa mlezi.

Mtu akisakamwa na kushindwa kukohoa, kusema wala kupumua, usimpe maji. Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega kwa nguvu mara 5. Kama kitu hakijatoka, simama nyuma yake, zungusha mikono tumboni, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu, huku mwingine akiita msaada. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, funga breki kwanza na mlegezee mikanda ili aweze kuinama. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usiminye tumbo: hatua zake ni tofauti, muombe muuguzi akuonyeshe kliniki. Akizimia, mlaze chali, anza kumkandamiza kifua na mkimbizeni hospitali.

Anahitaji nini katika kila umri?

Christy alipata huduma ya kitaalamu kwa kuchelewa, na kwa bahati ya kukumbukwa na daktari mmoja. Miaka michache baada ya kitabu kile kutoka, Collis mwenyewe alihamia Nigeria kufundisha na kutibu watoto. Madaktari huhama, hustaafu, hufa. Kwa hiyo matunzo hayapaswi kuning'inia kwa mtu mmoja. Yapange hivi.

*Tangu kuzaliwa hadi miaka 5.* Usisubiri jina la ugonjwa ndipo uanze. Mtoto ambaye shingo haikazi ifikapo miezi 4, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au ambaye ni mlegevu au mkakamavu kuliko kawaida, aonwe mapema. Fiziotherapia, tiba kwa vitendo, msaada wa kulisha, kupima macho na masikio, na kudhibiti degedege na kifafa huanza hapa.

*Miaka ya shule.* Mtoto anarefuka na misuli haimfuati. Nyonga zichunguzwe, na wasiotembea wapigwe picha ya eksirei mara kwa mara, maana nyonga inaweza kutoka taratibu bila kelele. Mgongo utazamwe kama unapinda. Vifaa vya miguu na kiti vibadilishwe kadiri anavyokua. Apelekwe shule, na kama hasemi atafutiwe njia nyingine ya kuwasiliana: picha, ubao wa herufi, macho, au mguu.

*Kuanzia miaka 14 hivi.* Hapa ndipo maandalizi ya kuhamia huduma za watu wazima yaanze. Usingoje siku ya kuagwa. Mfundishe kujieleza mwenyewe kwa daktari, ajue majina ya dawa zake. Omba muhtasari wa maandishi wa matibabu yake yote: utambuzi, upasuaji, dawa na dozi, mzio, namna anavyokula na anavyowasiliana. Tengeneza faili, weka nakala mbili. Muulize daktari wa watoto jina la kliniki atakayomkabidhi, si ushauri wa jumla tu.

*Utu uzima.* Angalau mara moja kwa mwaka apimwe mwili mzima hata kama haumwi. Takriban watu 3 kati ya 4 wenye mtindio wa ubongo wana maumivu, na wengi hawayasemi kwa sababu wameyazoea. Viungo huchakaa mapema, na wapo wanaotembea ambao huanza kupoteza hatua wakiwa bado vijana. Mifupa ya wasiosimama huwa dhaifu. Meno, kukosa choo, kibofu, vidonda vya kulalia na dawa za kifafa vyote vifuatiliwe. Kwa wale ambao shingo na kichwa hujinyonga muda wote, kama Christy, uti wa mgongo wa shingoni unaweza kubanwa. Mkono uliokuwa ukifanya kazi ukianza kufa ganzi, au mkojo ukianza kumtoka ghafla, msidhani ni mtindio wa ubongo umezidi. Nilikwambia mwanzoni: jeraha la ubongo haliendelei kukua. Kitu kipya kina sababu mpya, na kinahitaji hospitali haraka.

*Na wewe mlezi.* Bridget alibeba mzigo ule hadi alipokufa. Usiubebe peke yako. Mgongo wako nao ufundishwe namna salama ya kumnyanyua, na wawepo angalau watu wawili wengine wanaojua kumlisha, dawa zake, na faili lilipo.

Ukienda kliniki safari ijayo

Uliza maswali matatu, na uyaandike majibu. Kumeza kwake kulipimwa lini mara ya mwisho? Nyonga na mgongo vitaangaliwa lini tena? Atakapokuwa mtu mzima, nani atamwona, na wapi?

Kama kliniki iliyo karibu nawe haina jibu la swali la tatu, usiondoke kimya. Muone muuguzi au afisa ustawi wa jamii, omba rufaa ya hospitali ya mkoa, na jiunge na wazazi wengine wa eneo lako ili muulize kwa pamoja. Bridget Brown aliambiwa hakuna la kufanya, akaanza kupanga matofali. Swali lako likiulizwa kila mwezi, nalo ni tofali.